Usiondoe Kesi kwa Ahadi ya Simu



Kuna maneno yanazunguka mitaani kwetu, na kila tukikaa na familia iliyopata ajali tunayasikia: "Watu wa bima wamesema tuondoe kesi kwanza, halafu watalipa." Leo tuyaongelee hayo maneno bila kupindapinda. Tunawaandikia nyinyi kwa sababu nyumbani anayesoma barua za kampuni ni wewe. Mzee anapigiwa simu, mama anapewa karatasi anaonyeshwa mahali pa kusaini, na anayeitwa kutoka chumbani aje kutafsiri ni wewe, mwenye diploma au Form Four yako. Ukisema "sawa tu, saini", anasaini.

Basi ujue unachomwambia asaini.

Kuondoa kesi ni haki ya aliyeipeleka kortini. Hakuna anayelazimishwa kuendelea na kesi asiyoitaka, na zipo sababu nzuri za kuiondoa. Umemshtaki mtu ambaye siye mwenye gari. Ushahidi haujakamilika na unataka kujipanga upya muda ukiwa bado upo. Umelipwa, umeridhika, yamekwisha. Hapo ondoa, hatuna neno. Tunachokipinga ni kuondoa kesi ili ulipwe. Hiyo ni kama makanga akwambie toa mia tano, shuka, chenji utaipata stage inayofuata. Ungekubali? Kwa mia tano hukubali, lakini kwa mguu wa babako uliovunjika unakubali!

Hebu tuone sheria inavyokwenda, kwa sababu ujanja wote umejificha hapo.

Wengi wanadhani ukigongwa na gari unaishtaki kampuni ya bima moja kwa moja. Kwa kawaida sivyo. Kila gari linaloingia barabarani Kenya lazima liwe na bima ya kulipa watu wengine litakaowaumiza. Hiyo ni Sura ya 405 ya sheria zetu. Na sheria hiyo, kifungu cha 10, inasema kampuni italazimika kulipa pale ambapo kuna hukumu dhidi ya yule iliyemkatia bima. Soma hapo tena. Hukumu dhidi ya mwenye gari. Kwanza unamshtaki mwenye gari na dereva. Ukishinda, kampuni inatakiwa ilipe hukumu hiyo, kwa kiwango kisichozidi shilingi 3,000,000. Ikikataa, ndipo unapoifungulia kampuni yenyewe kesi ya pili, ukiiomba mahakama itangaze kwamba inawajibika kulipa.

Sasa angalia kinachotokea kwetu. Mwenye matatu ni mtu wa mtaa. Anajulikana, pengine alichangia mazishi ya jirani mwezi uliopita. Wazee wanakuja nyumbani baada ya Isha, wanakaa kwenye mkeka, wanasema maneno matamu: huyu ni mtu wetu, hakukusudia, kwa nini mnamburuta kortini? Mwondoeni yeye, acheni bima ilipe. Na familia, kwa heshima, inamwondoa.

Jamani, mkishamwondoa mwenye gari, ni nani atakayetolewa hukumu? Na bila hukumu dhidi yake, kampuni inadaiwa nini chini ya kifungu cha 10? Hakuna. Mmefunga mlango wa bima kwa mikono yenu wenyewe mkidhani mnamfanyia jirani wema. Na pengine wazee hawana nia mbaya hata kidogo. Hakuna aliyewaeleza kwamba jina la jirani limo kwenye kesi kwa sababu ndilo ufunguo wa kabati la kampuni. Alilipa bima kila mwaka, au kila mwezi kama ni matatu, ili siku kama hii kampuni ilipe badala yake. Kumtaja kwenye kesi si kumchukia. Kumwondoa ndiko kunakoiachia kampuni pesa ambazo yeye mwenyewe aliilipa ibebe mzigo huo.

Kwa hivyo wazee wakija, wewe kijana usiwavunjie heshima. Wakaribishe, toa chai, kisha waeleze hivi hivi: tukimwondoa Bwana Fulani, bima imeponea. Wengi wakielewa hilo wanabadilika hapo hapo, na wengine wanakwenda wenyewe kwa mwenye gari kumwambia apeleke hati za kesi kwa kampuni yake haraka, maana kampuni nayo inatakiwa ipewe taarifa ya kesi mapema ndipo ibanwe na hukumu. Shikeni hilo la taarifa, tutalirudia.

Haya, tuje kwenye kalenda. Hapa ndipo watu wetu wanaumia zaidi, na wanaumia kimya kimya.

Afisa wa madai akikupigia atakwambia neno ambalo ni kweli: "Ukiondoa kesi si kwamba umepoteza haki yako, unaweza kuifungua tena." Kweli. Kanuni za mwenendo wa kesi za madai za mwaka 2010, Agizo la 25, zinasema kabla kesi haijapangiwa tarehe ya kusikizwa, mlalamikaji anaweza kuiondoa kwa notisi ya maandishi tu, na kuiondoa huko hakuwezi kutumiwa kumzuia asifungue nyingine. Lakini afisa haongezi sentensi ya pili. Madai ya kuumizwa kwa uzembe yana miaka 3 chini ya Sura ya 22, kuanzia siku ya ajali. Miaka hiyo haisimami kukungoja kwa sababu uliwahi kufungua kesi ukaiondoa.

Tuchukue mfano wa kijana wa bodaboda aliyegongwa Machi 2022. Alikaa hospitali, akahangaika na fomu ya P3 na abstrakti ya polisi, akamtafuta wakili, kesi ikafunguliwa Januari 2025. Yuko ndani ya muda, miezi miwili kabla. Mei 2025 anapigiwa simu: ondoa kesi, faili lako liko mezani kwa meneja, wiki mbili utapata cheki. Anaondoa. Wiki mbili zinakuwa miezi miwili, meneja yuko likizo, mara faili limehamishiwa Nairobi. Agosti anachoka, anataka kufungua tena. Haki ya kufungua tena anayo, imeandikwa. Muda wa kufungua uliisha Machi. Siku aliposaini ile notisi ya Mei, kesi yake ilikuwa haiwezi kufufuka, na yeye alikuwa anarudi nyumbani akifurahi kwamba mambo yamekaribia kuisha.

Atasema aombe mahakama imwongezee muda. Sheria ina mlango huo, kifungu cha 27, lakini ni mwembamba. Ni wa mtu ambaye hakujua mambo ya msingi kuhusu madai yake, kwa mfano ugonjwa wa kazini uliojitokeza baadaye. Yeye alijua kila kitu. Alijua mpaka namba ya gari! Kudanganywa na afisa kwenye simu hakuingii hapo.

Na hata kama muda ungekuwepo, kesi mpya ni kesi mpya. Kampuni inahitaji kupewa taarifa upya kwa kesi hiyo mpya. Ukisahau, utashinda na kuambiwa hatukujulishwa. Pia gharama. Ukiondoa kesi yote, aliyeshtakiwa anaweza kumwandikia msajili na kupata hukumu ya gharama dhidi yako. Ukifungua nyingine kuhusu jambo lile lile kabla hujalipa gharama za ile ya kwanza, mahakama inaweza kuisimamisha mpaka ulipe. Yaani uliyevunjwa mguu ndiye unayedaiwa. Kama mmeelewana kila mmoja abebe gharama zake, na iandikwe. "Alisema" haina thamani kwa msajili.

Najua jibu litakalokuja kwenye maoni. Kesi zinachukua miaka, familia ina njaa leo, kodi inadaiwa leo, nyinyi wanaharakati mnaongea tu. Swali hilo ni la haki na halijibiwi kwa kelele. Ni kweli kesi huchukua miaka. Mahakimu wanahamishwa, daktari haji kutoa ushahidi, wakili wa kampuni anaomba tarehe nyingine. Sulhu ni jambo zuri, na kama hesabu yako inakwambia laki nne mwaka huu ni bora kuliko laki saba baada ya miaka mitano, hilo ni lako kuamua na hakuna mwenye haki ya kukuita mwoga. Tena mara nyingi ndiyo hesabu sahihi.

Lakini sulhu na kuondoa kesi ni vitu viwili, na kampuni inajua tofauti hata kama wewe hujui. Agizo hilo hilo la 25 linatoa njia ya pili: pande mbili zinaelewana, makubaliano yanaandikwa, yanatiwa saini, yanapelekwa kortini na kuwa hukumu. Kiasi kimetajwa. Siku ya kulipa imetajwa. Gharama zimetajwa. Wasipolipa siku hiyo huanzi moja. Una hukumu, unaomba itekelezwe, na mlango wa Sura ya 405 uko wazi. Kwa njia ya notisi ya kuondoa, wasipolipa una nini mkononi? Una namba ya simu ya afisa.

Sasa jiulize. Kama kweli wanakusudia kulipa laki nne baada ya wiki mbili, kuna ubaya gani kuandika "laki nne, wiki mbili" kwenye karatasi ya korti? Haiwagharimu chochote zaidi. Kampuni inayokataa kuandika inachokuahidi imekwishakujibu.

Kuna faida nyingine wanayoipata. Kesi ikiwa kortini, kampuni inatakiwa kuihesabu kama deni linaloweza kuja, na kutenga pesa kwa ajili yake. Ikiondolewa, faili linafungwa. Wewe bado unangoja cheki, wao kwenye vitabu vyao umeshakwisha.

Na msidhani kampuni ya bima ni mlima usiohama. Waulizeni wazee wenu kuhusu United Insurance, iliyowekwa chini ya usimamizi maalum mwaka 2005. Blue Shield ikafuata 2011. Invesco, iliyokuwa imebeba matatu kibao, ikaingia kwenye ufilisi 2024. Hali ikifika hapo malipo yanasimama, na watu wanapanga foleni ya madai. Upo mfuko wa kufidia wateja wa kampuni zilizoanguka, nao unalipa kwa kiwango chenye mpaka, si hasara yako yote. Mwenye hukumu ataumia, sitawadanganya. Lakini yeye ana kitu cha kupeleka kwenye foleni. Aliyeondoa kesi kwa ahadi atapeleka nini, rekodi ya simu?

Sasa kuhusu mawakili, kwa sababu si kampuni peke yake. Wapo mawakili wazuri sana, wengine wanabeba kesi za watu wetu bila kuchukua senti mpaka mwisho. Wapo pia wale ambao unawaona siku ya kwanza hospitalini, wameletwa na mtu aliyejuaje kwamba umelazwa, na baada ya hapo huwaoni tena. Jambo ambalo vijana wengi hamlijui ni kwamba wakili wako akikubaliana na upande wa pili kortini, makubaliano hayo yanakufunga wewe. Mahakama ya Rufaa ilisema mwaka 1988 kwamba hukumu ya makubaliano haivunjwi ovyo. Inavunjwa kwa sababu kama zile za kuvunja mkataba, kama vile ulaghai. "Sikuambiwa" peke yake ni ngome dhaifu. Kwa hiyo mwandikie wakili mapema, ujumbe wa WhatsApp unatosha kuanzia: usiondoe kesi wala kukubali kiasi chochote bila mimi kukubali kwa maandishi. Hifadhi hiyo meseji. Wakili mwaminifu hatakasirika, atakushukuru kwa kumpa maagizo yaliyo wazi.

Na afisa wa kampuni akikupigia wewe ilhali una wakili, muulize kwa adabu kwa nini hakumpigia wakili wako. Kisha nyamaza usikilize. Kile kimya chake kitakufundisha mengi.

Karatasi nyingine ya kuangalia ni ile hati ya kukubali malipo, yenye maneno kwamba umepokea kiasi fulani kama malipo kamili na ya mwisho na hutadai tena. Hiyo ni nzito kuliko notisi ya kuondoa kesi. Notisi, ukiwa na muda, unaweza kufungua tena. Hati hiyo inamaliza madai yenyewe. Ikiletwa bila cheki, isisainiwe. Ikiletwa na sehemu ya kiasi ikiwa wazi, "tutajaza ofisini", isisainiwe kabisa, na aliyeileta aombwe aende nayo.

Mambo mawili kuhusu familia, na haya nayasema kwa uchungu.

Mtoto akigongwa akivuka barabara kwenda madrasa, mzazi au mlezi ndiye anayepeleka kesi kwa niaba yake. Lakini mlezi huyo hawezi kufanya sulhu ya kesi ya mtoto bila idhini ya mahakama. Ni Agizo la 32, kanuni ya 7. Sheria imeweka hakimu katikati kwa sababu mtoto hawezi kujisemea, na mzazi aliyebanwa na kodi anaweza kuuza haki ya mtoto kwa bei ya kodi. Kwa hivyo ukiona kampuni inamalizana na baba wa mtoto mkahawani kwa elfu thelathini, ujue kuna hatua imerukwa, na hatua hiyo ilikuwa ya kumlinda mtoto.

La pili ni pale mtu amekufa. Ami anachukua usukani, anaongea na kampuni, anakubali, anasaini. Sheria ya ajali za vifo inataja wanaofidiwa: mke au mume, wazazi na watoto. Ami hayumo. Anaweza kuteuliwa na mahakama kusimamia mali ya marehemu, na akiteuliwa atasimamia kwa ajili ya hao. Kama hana karatasi ya mahakama, hana kesi ya kuondoa. Nimekaa na mjane Kisauni aliyejua kuwa kesi ya mumewe imeondolewa mwaka mzima baadaye, alipoenda masijala kuulizia tarehe. Watoto wanne. Hakuwa ameulizwa na mtu. Shemeji yake alimwambia, "Tuliona tukupunguzie mawazo." Mawazo gani hayo yaliyopunguzwa? Siku ile alikuwa anauza viazi karai mlangoni.

Dada zangu, hili linawahusu nyinyi zaidi kuliko ndugu zenu wa kiume. Ukiwa binti wa nyumba hiyo, uliza namba ya kesi. Iandike mahali. Faili likiwa na namba, huhitaji ruhusa ya ami kujua limefikia wapi: unaenda masijala ya mahakama kuuliza, na orodha za kesi zinazosikizwa huwekwa mtandaoni. Mwizi wa haki za mayatima hapendi mtu mwenye namba ya kesi.

Tena kuna kinga nyingine ambayo haijulikani. Kesi ikishapangiwa tarehe ya kusikizwa, haiondoki tena kwa notisi ya upande mmoja. Lazima pande zote zisaini, au mahakama itoe ruhusa, na mahakama inaweza kuweka masharti, ya gharama na hata ya kama unaweza kufungua nyingine. Mkifika hapo msipoteze nafasi. Kwa kuwa wao pia lazima watie saini, na waseme kwenye karatasi hiyo hiyo watalipa nini na lini. Simu nyingi za "ondoa kesi" huja wiki chache kabla ya tarehe ya kusikizwa, wakati daktari wako yuko tayari na shahidi wako amepatikana. Huo si wakati wa kuondoa. Ndio wakati ambao bei yako iko juu kabisa.

Kwa wiki hii fanyeni hivi. Kama nyumbani kuna karatasi ya bima inayongoja saini, ipigeni picha, kurasa zote, pamoja na nyuma. Tafuteni tarehe ya ajali na mhesabu miaka 3 kwenye kalenda ya ukutani, mwone imebaki miezi mingapi. Angalieni kama karatasi inataja kiasi na siku ya kulipa. Kisha mpelekeeni wakili mwingine aisome, au wale wanaotoa msaada wa kisheria bila malipo chini ya sheria ya msaada wa kisheria ya 2016. Kampuni ikikuzungusha baada ya hukumu, malalamiko yapelekwe kwa maandishi kwa Mamlaka ya Kudhibiti Bima, ile IRA, na mtunze nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Malalamiko hayo hayasimamishi kalenda ya miaka 3, kwa hivyo msiyatumie kama badala ya kesi.

Na mkipigiwa simu leo jioni kuambiwa cheki iko tayari, kesi iondolewe kesho asubuhi, jibuni kwamba mnaomba rasimu ya makubaliano itumwe kwa wakili, ikiwa na kiasi na tarehe, na notisi ya kuondoa itafuata siku pesa zikionekana benki.